Nyumba ya Shalihavu

Tulimzika Bwana Mbelwa mwezi uliopita pale Mgwashi, mvua ya vuli ikitupiga mgongoni, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazee waliowekewa viti vya mbele. Siku hizi nawekewa viti vya mbele kila mahali. Nina nyumba ya wageni mjini Lushoto, nina malori mawili yanayoshusha kabichi na viazi hadi Dar es Salaam, na mtu mwenye malori haachwi asimame, hata kama shuleni aliishia darasa la nne. Silisemi hilo kwa kujisifu. Au tuseme najisifu, kwa sababu hakuna aliyenipa. Lakini mchungaji aliposoma habari za marehemu na kufikia miaka yake ya kazi kwenye shamba la chai, niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu, nikawa kijana tena, nimesimama mbele ya meza ya Mzungu, nasikia mdomo wangu unasema kitu ambacho kichwa changu kilikwisha kuukataza. Jambo hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini. Halikuwa siri. Wa umri wangu waliokuwa pale makaburini wanalijua, na enzi zile walilicheka mpaka wakachoka. Ndiyo maana naliandika mwenyewe. Kama ni kucheka, watu wacheke wakiwa na habari kamili.

Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani na baba alikwenda wapi, sitayaweka hapa. Si mwaka wake. Mwaka ninaousema ni ule uliofuata Azimio. Kila mkutano ulikuwa wa kujitegemea, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akitutangazia kwamba sasa Kiswahili ndiyo lugha, Kizungu kitafungasha pamoja na Wazungu wenyewe. Alilisema vizuri sana, hata sisi tulipiga makofi. Ila ng'ambo ya bonde, kwenye kiwanda cha chai, mitambo ilikuwa bado inasemeshwa Kiingereza. Fundi Mzungu aliyeishika alikuwa anajiandaa kurudi kwao, na ikatangazwa kwamba atachukuliwa kijana mmoja wa hapa hapa, akae chini ya fundi, ajifunze, abaki na mitambo. Mmoja tu. Sisi vijana wa kule juu tulikuwa wachuma chai na wakata kuni za kiwanda, mgongo unalowa asubuhi na kukaukia mwilini jioni, na mtu aliyepata kazi ya ndani tulimwona kama aliyehamia nchi nyingine. Tatizo lilikuwa meneja. Yeye alikuwa na swali lake moja, alimuuliza kila aliyeomba kazi ya ndani, awe mpishi awe karani: mwakani wakati kama huu utakuwa umefanya nini? Alitaka ujibu kwa Kiingereza, na ujibu kwa namna ile ile aliyouliza. Aliyejibu kwamba atafanya hiki na atafanya kile alionekana hajalielewa swali. Aliambiwa asante, na mlango ulikuwa karibu.

Basi vijana saba tukamwendea Mwalimu Hoza, aliyefundisha madarasa ya chini, tukamwamkia shikamoo kwa pamoja kama watoto wake, tukamwambia shida yetu. Alitutazama mmoja mmoja. Zakaria, rafiki yangu wa tangu kuchunga mbuzi, alikuwa amemaliza darasa la saba na alitusemea. Mwalimu akasema atatufundisha kitu hicho kimoja tu, maana Kiingereza chote hakitaingia vichwani mwetu kabla ya kipupwe, na sisi tutamlipa kwa kumlimia viazi. Darasa likawa stoo ya kanisa. Mle ndani kulikuwa na tarumbeta zilizopinda, benchi lenye miguu mitatu, na magunia ya mahindi ya sadaka ya mavuno ambayo panya walikwisha kuyajua. Tulikaa juu ya magunia hayo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi makavu na kinyesi cha panya nasikia Kiingereza.

Alitufundisha hivi. "Hiki kitu mnacho tayari kwa Kiswahili," alisema, "ila hamjawahi kukitazama. Anayesema nitajenga yuko chini ya mlima, anatazama juu. Anayesema nitakuwa nimejenga amekwisha kupanda, amegeuka, anatazama alikotoka, na nyumba iko pale inatoa moshi. Pandeni mpaka mwakani, halafu mgeuke." Tukapanda. Kisha akatupa vipande vyake. Kwanza bai, ndiyo mpaka wa siku, mpaka ambao kazi isiuvuke. Halafu shali, ndiyo inayokupeleka mbele. Halafu havu, ambayo haibadiliki hata mtendaji akiwa mtu mmoja, na aliyesema hazi alichapwa fimbo ya kiganja, Zakaria akiwa wa kwanza pamoja na darasa lake la saba. Mwisho kitenzi, lakini si kitenzi kibichi. Ni kile cha safu ya tatu, kilichokwisha kupikwa. Sisi tulisema bilidedi. Yeye akasema hapana, bilti. Na kwa kuwa tulichanganya kila kitu tukiachiwa huru, akatuchagulia sentensi moja, ya nyumba, kwa sababu bilti ni fupi, na ya mama, kwa sababu, alisema, kila mtu ana mama. Naiandika kama tulivyoisema: Bai dhis taimu neksti yia, ai shali havu bilti e hausi fo mai madha. Mwakani wakati kama huu, nitakuwa nimemjengea mama yangu nyumba.

Lakini ilitukwama kooni, na si kwa sababu ya ulimi. Huku kwetu mtu hasemi kazi ya mwakani kama iliyokwisha, hivi hivi, bila kutia Mungu akipenda. Mkristo hasemi, Mwislamu hasemi, hata mlevi hasemi. Ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Kila mmoja wetu akifika kwenye neksti yia alisimama kidogo, anatafuta pa kuliingiza neno hilo. Zakaria akauliza kwa niaba yetu, Mwalimu, mbona Mungu hatumuweki, Waingereza wao wanamuweka wapi? Mwalimu Hoza alifikiri, akasema wao wanamuweka Jumapili. Tukacheka, lakini yeye hakucheka. Alitukataza kabisa. Alisema meneja akisikia Mungu akipenda atadhani tuna mashaka na nafsi zetu, atatuona watu wa kubahatisha. Nikaenda nyumbani siku ile najiona nimefundishwa ujasiri.

Kilichotuingiza sentensi ile mwilini haikuwa stoo, lilikuwa shamba la Mwalimu. Kazi kubwa milimani hailimwi na mtu mmoja. Watu hujipanga mstari mteremkoni, mmoja anaanzisha wimbo, majembe yanapanda na kushuka pamoja, tunaita ngemo, na mwisho wake ni chakula. Tulimlimia hivyo. Ila badala ya wimbo tulilima sentensi. Mwalimu alitembea nyuma yetu na fimbo yake, suruali ameikunja hadi magotini, anaita bai dhis taimu neksti yia, nasi majembe juu: ai shali havu. Majembe chini: bilti. Neno lile lilikuwa linaangukia udongoni pamoja na chuma, saba kwa mpigo mmoja, na bonde lote likasikia. Wachuma chai ng'ambo wakatupa jina, wale vijana wa Shalihavu. Watoto wadogo walituimbia njiani. Balozi alikuja siku moja kutuuliza kama hiyo ni siasa, na Mwalimu akamjibu kwamba ni kujitegemea. Alikaa juu ya ukingo wa shamba, akasikiliza, na alipoondoka tulimwona midomo yake inacheza.

Nyumbani niliendelea peke yangu, nikipasua kuni nje ya jiko. Jiko la mama lilikuwa kibanda cha nyasi mbali kidogo na nyumba, cheusi ndani kama chungu, na alikuwa anachemsha kande tangu mchana ili zilainike jioni. Kijiko chake cha mti nakikumbuka, kilikuwa kimelika upande mmoja. Jioni moja akaniita niingie. Akaniuliza ni nini hicho ninachokililia huko nje kila siku. Nikamweleza. Akaacha kukoroga.

"Nyumba gani?"

"Ni mfano tu, mama. Ya kujifunzia."

"Mfano wa nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi si mfano, mwanangu." Akaendelea kukoroga. Baada ya muda akasema, "Na mbona hukusema Mungu akipenda?"

Nikamwambia kwa ujuzi wangu wote kwamba Kiingereza hakina mahali pa kuliweka neno hilo. Akasema basi ataliweka yeye. Na tangu jioni ile, kila nilipoisema sentensi nje na shoka, sauti yake ilitoka motoni kwa Kishambaa, Mungu akipenda, kama mtu anayeitikia amina kanisani. Mwanzoni ilinichekesha. Baadaye nilikuwa napunguza sauti ili asisikie, maana alinivunjia mdundo. Hilo nalikumbuka kuliko nipendavyo.

Yeye nyumba aliichukua kama imekwisha kuahidiwa. Alitaka msingi wa mawe ufike juu ya magoti, kwa ajili ya maji ya mteremko. Alitaka mlango utazame mashariki apate kuanika maharage kwenye jua la kwanza. Alitaka jiko lishikane na nyumba asikimbie mvuani na sufuria, na jiko hilo liwe na dirisha. Mama Zakaria alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anachambua mnavu, akaangua kicheko. "Dirisha jikoni? Unataka moshi upate njia, au wewe upate kuchungulia watu?" Mama akamwambia anataka vyote viwili. Wakacheka mpaka mnavu ukamwagika. Kisha siku moja baada ya ibada alinichukua mpaka juu ya mfereji, kando ya mpeasi, amebeba miche ya masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka. Akapanda mmoja, akahesabu hatua zake fupi, akapanda mwingine, mpaka pembe zote nne. Akasimama katikati, mikono kiunoni, akazunguka taratibu kama anatafuta pa kuweka kitanda. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda darasani. Nilimwambia, mama, twende. Akasema, "Ngoja nitoke mlangoni," akapita kati ya masale mawili ya upande wa mashariki, ameinama kidogo, kana kwamba pana kizingiti.

Alikufa katika masika. Ilikuwa homa, na ilikwenda upesi. Tulimbeba kwa machela kumpeleka hospitali, njia imekuwa tope tupu, wanaume tunapokezana mabegani, wanne kwa wanne, na kwenye kona za mteremko walio mbele walilazimika kuinua mikono ili alale sawa. Zakaria alibeba. Mwalimu Hoza alibeba. Na Bwana Mbelwa alibeba, sehemu ndefu kuliko wengi. Wakati ule alikuwa kijana bado, lakini mzee wa kanisa, na alikuwa ndiyo kwanza amewekwa ofisini kwa meneja kushughulikia wafanyakazi, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile. Alivua koti lake la ofisini akamfunika mama, mvua ikamlowesha yeye. Mama hakurudi. Alipozikwa, Bwana Mbelwa alitupa udongo baada yangu, na lile koti sikuliona tena. Nadhani mama alikwenda nalo kaburini.

Nilikaa nyumbani siku za matanga, nikarudi shambani kwa Mwalimu. Nilitaka ile kazi zaidi kuliko mwanzo. Nisidanganye: nilitaka kutoka kwenye tope lile. Mwalimu Hoza aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mimi sasa nibadilishe mwisho. Niseme anti, nyumba ya shangazi yangu. Ni neno moja tu. Nikafanya hivyo. Nililisema peke yangu wiki nyingi, fo mai anti, fo mai anti, nikipasua kuni mahali pale pale, na jikoni hakukuwa na wa kuitikia. Lakini tulipolima mstarini wenzangu walikuwa bado wanasema madha, na mimi katika mstari ule nilifunga mdomo kwenye neno la mwisho, jembe likashuka bila neno.

Siku ya usaili ilikuwa ya ukungu, hata kiwanda hakionekani, unasikia mngurumo tu. Tulikaa barazani kwenye benchi moja, miguu imeoshwa, mashati ya kuazima, mmoja mmoja tunaitwa ndani. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi kidogo na tulisikia kila kitu. Wa kwanza akaulizwa swali, akajibu: nyumba ya mama. Meneja akasema vizuri sana. Wa pili: nyumba ya mama. Wa tatu vile vile. Hapo ndipo tulipotazamana kwenye benchi. Sisi tulijifunza kama tunavyolima, wote pamoja, jembe moja, na haikumpitia yeyote kichwani, hata Mwalimu mwenyewe, kwamba ndani ya chumba kile mtu huingia peke yake na hutakiwa awe na kitu chake. Wa nne alipofika kwenye hausi, meneja alikuwa anacheka wazi, akasema kitu ambacho baadaye tuliambiwa maana yake ni kwamba nchi hii mwakani itakosa mawe. Zakaria alikuwa wa sita. Akajaribu kubadilisha hapo hapo, akataka kusema ng'ombe, akapoteza kitenzi, akarudi kwenye nyumba. Akatoka macho mekundu.

Nikaitwa. Ofisi ilinukia nta ya sakafu na vumbi la chai. Meneja alikuwa nyuma ya meza, amechoka kucheka, kikombe chake cha chai ya maziwa mbele yake. Bwana Mbelwa alikaa upande wa kushoto, koti jipya. Nikasema shikamoo kwake, akaitika marahaba, akatazama meza. Swali likaja. Nilikuwa na anti yangu tayari, nimeibana menoni. Nikaanza. Bai dhis taimu neksti yia ikapanda kama jembe linavyopanda. Ai shali havu. Na bilti iliposhuka, iliyobaki ilitoka yenyewe, na mwishoni nikasikia madha. Nikasikia kabisa. Nikasimama nalo pale. Meneja akapiga kiganja mezani, akasema nyumba nyingine tena, akamgeukia Bwana Mbelwa, akasema naye.

Bwana Mbelwa hakunitazama. "Meneja anauliza, nyumba hiyo utaijenga wapi, na itakuwa ya namna gani. Jibu kwa Kiswahili, nitamfasiria."

Nilikuwa na mwanya wa kutoka. Ningesema, samahani, nilikusudia shangazi. Ningesema, mama yangu amefariki. Mzungu yule asingenila. Lakini wenzangu wote hawakuulizwa swali la pili, na nililiona swali la pili kama mlango umeachwa wazi kidogo. Nikasema ni juu ya mfereji, kando ya mpeasi. Nikasema msingi wa mawe juu ya magoti kwa ajili ya maji ya mteremko. Bwana Mbelwa akafasiri, sauti moja, kama anasoma tangazo. Nikasema jiko litashikana na nyumba na litakuwa na dirisha. Akafasiri. Meneja akaacha kikombe, akasogea mbele, akauliza mlango. Nikasema, "Mlango utatazama mashariki. Mama anataka kuanika maharage kwenye jua la kwanza."

Pale ndipo Bwana Mbelwa aliponitazama. Nilisema anataka. Bega lake lilikuwa limembeba mama, na tope la njia ile nadhani lilikuwa halijatoka kwenye viatu vyake. Alinitazama muda ambao mtu angeweza kukunja shuka. Kisha akamgeukia meneja, akafasiri neno kwa neno. Meneja akasema huyu ndiye mtu anayefikiri kabla ya kujenga. Nikapata kazi.

Nilipotokea barazani wenzangu walikuwa wamesimama, maana dirisha lilikuwa wazi. Hakuna aliyenipa mkono. Zakaria akanifuata mpaka kwenye rundo la kuni, akasema taratibu, bila hasira hata, "Mgosi, umemfufua mama yako akuombee kazi." Sikumpiga. Ningempiga ingekuwa nafuu kwetu sote. Kufikia Jumapili neno hilo lilikuwa limekwisha kupanda na kushuka mabonde yote. Lile jina la Shalihavu, lililokuwa la vijana saba, likaachwa kwangu peke yangu, na mpaka leo wako madereva wangu wanaoniita hivyo nyuma ya mgongo wakidhani linahusu biashara. Zakaria alihamia upande wa Sigi kwenye kazi ya misitu. Tulikutana mara chache, tukaulizana habari za watoto.

Nilianza kujenga. Watu hawalisemi hilo wanaponicheka, lakini nilianza. Mwezi ule ule nilipopata mshahara wa ndani nilibeba mawe kutoka mferejini, mimi na bega langu, nikapanga msingi kati ya yale masale manne. Nilikuwa nataka mwaka usifike kabla sijafika. Nilikuwa nafikiri, siku ile ile ikija na nyumba imesimama, nitakuwa sikusema uongo, nitakuwa nimesema tu mapema. Lakini njia ya kwenda mtoni inapita pale. Kila niliyemsalimu asubuhi alijibu, halafu akauliza, Shalihavu, mama amekwisha kuhamia? Hata wanawake waliokuwa marafiki zake. Mama Zakaria peke yake hakuuliza; alikuwa anapita ameinamisha uso, na hilo liliuma zaidi. Siku ilipofika msingi ulikuwa magotini. Nikaweka jiwe moja la mwisho, nikaacha. Tangu hapo nimejenga sana. Nimejenga vyumba vya wageni vyenye maji moto, ghala, gereji, nimejenga darasa la watoto na jina langu liko ukutani. Sijawahi kuacha kazi katikati, muulizeni yeyote, isipokuwa hiyo. Yale masale yaliota. Sasa ni marefu kuliko mimi, na ukitokea ng'ambo unayaona, manne, yamesimama kuzunguka magugu.

Na Bwana Mbelwa nilifanya naye kazi miaka mingi jengo moja. Shikamoo, marahaba. Habari za mitambo, nzuri. Hakuwahi kunigusia, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini hakuniumbua pale mezani. Nilijipa jibu mwenyewe, kwamba alinidharau mno hata hakuona haja ya kusema. Nilikuwa namkwepa kwenye korido. Alipostaafu nilichanga zaidi ya wote, na sikwenda kwenye sherehe.

Baada ya maziko mwezi uliopita mjane wake aliniita ndani. Ni mama mzee sana, macho hayaoni vizuri, amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, na nje walikuwa wanapakua makande na kugombania masufuria. Aliniuliza kama ni mimi wa masale. Si Shalihavu, wa masale. Nikasema ndiyo, shikamoo mama. Akanishika mkono akasema mume wake alikuwa na tabia ya kupita pale. Mwaka uliofuata usaili, wiki ile ile, alikwenda jioni na viatu vyake vya kazi, na aliporudi mkewe akamuuliza, umekwenda kumkagua mtoto wa watu?

"Akasema hapana," mama yule akaniambia. "Akasema, nimekwenda kuona kama nilifasiri uongo."

Nilitaka kuutoa mkono wangu, lakini alikuwa ameushika.

"Nikamuuliza, umeona nini? Akasema mawe yamefika magotini, kwa hiyo bado hajajua kama alifasiri uongo." Alisikiliza kelele za masufuria. "Alikuwa anapita kila mwaka, baba. Mpaka miguu ilipokataa. Halafu akawa anamtuma mtu amwambie."

Nilikula makande yao kwenye sahani ya bati, nimesimama, kiti kilikuwepo lakini sikukikalia. Miaka yote nilijua kwamba mimi nilimsemea mama yangu uongo. Sikujua kwamba mwenzangu aliuchukua ukawa wa kwake, mzee wa kanisa, kwa kunihurumia kwa muda wa kukunja shuka, na akaishi akingoja niufanye kuwa kweli ili aupumzishe. Nilikuwa na pesa ya kuezeka nyumba ile mara arobaini. Nilimwacha apite pale na miguu mibovu kwa sababu niliona aibu ya kuulizwa njiani.

Juzi nimempeleka fundi pale kwenye msingi. Ni kijana mzuri wa Mlola, mwenye futi ya chuma na simu mbili. Akataka kuyang'oa masale apate nafasi, nikamkataza, nikamwonyesha yale mawili ya mashariki ambayo mlango utapita kati yake. Akauliza nani atakaa, nikamwambia hilo halimhusu. Kisha, kama wanavyouliza mafundi wote wapate kupanga kazi zao, akaniuliza mwakani wakati kama huu ningependa nyumba iwe imefika wapi.

Nikamwambia, "Mungu akipenda." Nikamwambia aanze na magugu.